Watani wa Ng'ambo: Wafaransa na Wamarekani, na Deni Lisilokwisha

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita mliojazana mpaka madirishani: asanteni kwa kunikaribisha. Nimefundisha historia miaka mingi, na nikifika kwenye somo la mataifa makubwa huwa naulizwa swali lilelile: "Mwalimu, kwani hawa ni marafiki au ni maadui?" Leo nimeombwa nizungumzie Ufaransa na Marekani, na swali hilo linawahusu kuliko taifa lolote jingine. Nitalijibu kwa neno la kwetu. Hawa ni watani.

Ninyi vijana mnalijua neno hilo kwa Simba na Yanga. Wazee waliopo hapa wanalijua kwa uzito wake. Wangoni na Wahehe walipigana na kuuana katika karne ya 19, na kizazi kilichofuata kikawa cha watani. Mtani anaruhusiwa kukusema mbele za watu, kukuchukulia kuku wako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini siku ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kushika kazi ya msiba mpaka kaburini. Maneno makali na maziko yanakwenda pamoja. Naomba mkumbuke hilo la maziko, nitalirudia.

Kama ilivyo kwa Wangoni na Wahehe, Wafaransa na Wamarekani nao walianza kwa damu. Mwezi Mei mwaka 1754, katika misitu ya bonde la mto Ohio, ofisa kijana wa jeshi la koloni la Virginia mwenye umri wa miaka 22 aliwashambulia Wafaransa waliokuwa wamepiga kambi bondeni. Kamanda wao, Jumonville, akauawa. Wiki chache baadaye Wafaransa walimzingira kijana yule kwenye ngome yake ya magogo, mvua ikinyesha, mahandaki yamejaa maji, na tarehe 3 Julai akasalimu amri. Hati aliyotia saini ilikuwa ya Kifaransa, lugha asiyoijua, na ndani yake kulikuwa na neno lililomfanya akiri kwamba Jumonville aliuawa kwa mauaji ya kuviziwa. Kijana huyo ni George Washington. Baba wa taifa la Marekani aliingia kwenye historia akiwa mtuhumiwa wa Wafaransa.

Vita iliyofuata iliwanyang'anya Wafaransa Canada mwaka 1763, mikononi mwa Waingereza. Hapo ndipo utaelewa kwa nini, makoloni 13 yalipomwasi mfalme wa Uingereza, masikio ya Paris yalisimama. Vergennes, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, hakuwa mpenda jamhuri. Alitumikia mfalme mwenye mamlaka yote. Alichotaka ni kuona Mwingereza ameumia. Mwaka 1776 serikali yake ilitoa kwa siri milioni moja za livre, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, Hispania ikatoa kiasi hichohicho, na fedha zikapitishwa kwenye kampuni ya mfukoni iliyoendeshwa na Beaumarchais, mtunzi wa tamthilia. Kampuni ile ilisafirisha bunduki, mizinga, mahema, sare na baruti. Wamarekani waliowashinda Waingereza pale Saratoga mwezi Oktoba 1777 walifyatua kwa sehemu kubwa baruti iliyotoka Ufaransa, na ushindi huo ndio uliomtoa mfalme wa Ufaransa gizani. Tarehe 6 Februari 1778 mikataba miwili ikatiwa saini Paris, mmoja wa biashara na urafiki, mwingine wa kupigana pamoja. Upande wa Marekani alikuwepo mzee Benjamin Franklin na wenzake wawili.

Sasa twende Yorktown, Virginia, tarehe 19 Oktoba 1781, maana pale kila kitu kinaonekana kwa macho. Jenerali Cornwallis wa Uingereza amebanwa. Nyuma yake ni maji ya ghuba ya Chesapeake, na ghuba imefungwa na manowari za Admirali de Grasse wa Ufaransa, aliyewazuia Waingereza baharini tarehe 5 Septemba. Mbele yake yupo Washington, na pembeni ya Washington yupo jenerali wa Kifaransa, Rochambeau, na jeshi lake. Ukihesabu askari wa nchi kavu pamoja na mabaharia, Wafaransa pale walikuwa wengi kuliko Wamarekani wenyewe. Siku ya kusalimu amri majeshi mawili yalijipanga pande mbili za barabara. Cornwallis alisema anaumwa, akamtuma msaidizi wake, O'Hara. Na O'Hara alipofika, alimuuliza nani? Alimuuliza Rochambeau. Alitaka upanga wa Uingereza uende kwa Mfaransa, askari mwenzake wa Ulaya, usiende kwa mkulima wa Virginia. Rochambeau akamwonyesha Washington. Washington naye, kwa kuwa aliyekuja ni msaidizi, akamwelekeza kwa msaidizi wake, Jenerali Lincoln.

Huwa nasimama hapo kila ninapofundisha somo hili. Rochambeau angeweza kuupokea upanga ule. Baruti, manowari na fedha vilikuwa vya mfalme wake. Alinyoosha mkono akasema mwenye shughuli ni yule pale. Katika miaka yote karibu 250 ya watu hawa, sioni tendo la urafiki lililo safi kuliko hilo.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Mkataba wa 1778 ulisema hakuna atakayefanya amani na Uingereza bila ridhaa ya mwenzake. Mwezi Novemba 1782 wajumbe wa Marekani walikubaliana masharti na Waingereza bila kumshirikisha Vergennes. Vergennes aliandika barua ya kulalamika. Franklin akajibu kwa unyenyekevu, akakiri kwamba walikosea adabu, akaomba Waingereza wasipewe nafasi ya kufurahia ugomvi huo, na papo hapo alikuwa akisubiri mkopo mpya. Akapata livre milioni sita. Vita ile iligharimu Ufaransa zaidi ya livre bilioni moja, nyingi za kukopa. Mwaka 1789 hazina ikiwa tupu, mfalme aliita baraza la wawakilishi ambalo halikuwa limekutana tangu 1614, na kilichotokea mnakijua. Sisemi deni la Marekani peke yake ndilo lililoangusha kiti cha enzi. Mikate ilikuwa ghali na kodi ilimwelemea mkulima huku mtukufu akisamehewa. Lakini mfalme aliyelipia jamhuri ya wengine hakuwa na fedha ya kulinda ufalme wake. Louis wa 16 alikatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793.

Na hapo deni likawa swali la sheria. Jamhuri mpya ya Ufaransa iko vitani na karibu Ulaya nzima, inamgeukia rafiki yake ng'ambo: tulikusaidia, sasa tusaidie. Katika baraza la mawaziri la Washington, ambaye sasa ni rais, waziri wa fedha Hamilton alisema tuliahidiana na mfalme, na mfalme amekufa. Jefferson, waziri wa mambo ya nje, akasema mkataba ni wa taifa na taifa, na taifa halikatwi kichwa. Washington aliuacha mkataba uwe hai kwenye karatasi, ila mwezi Aprili 1793 akatangaza kutoegemea upande wowote. Nawaelewa wote wawili, na kwa maoni yangu Jefferson alikuwa na haki kwenye hoja, Washington akawa na haki kwenye uamuzi: nchi yenye umri wa miaka michache isingeweza kubeba vita nyingine.

Ufaransa haikuelewa. Wamarekani walipofanya mkataba na Uingereza mwaka 1794, Wafaransa waliona wamesalitiwa, na meli zao zikaanza kukamata meli za biashara za Marekani, zaidi ya 300. Wajumbe watatu walitumwa Paris mwaka 1797. Kabla ya kuonana rasmi na waziri wa mambo ya nje, Talleyrand, waliambiwa na mawakala wake watoe kwanza rushwa ya pauni 50,000 na mkopo mkubwa juu yake. Mjumbe mmoja, Pinckney, alijibu kwamba hatatoa hata senti sita. Habari zilipofika nyumbani, watu waliokuwa wakiimba nyimbo za Kifaransa miaka mitano nyuma walitaka vita. Kuanzia 1798 hadi 1800 manowari za nchi hizi mbili zilipigana kwenye bahari ya Karibi bila vita kutangazwa. Mkataba wa Septemba 1800 ulimaliza mapigano, na pia ukauzika rasmi ule muungano wa 1778.

Hapa nataka nikae kidogo kwa wale ambao vitabu vingi vya shule vinawapita. Mwezi Oktoba 1779, Wafaransa na Wamarekani walipojaribu kuukomboa mji wa Savannah, Georgia, walikuwemo mamia ya watu huru weusi na machotara kutoka koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, ambayo leo tunaiita Haiti. Walivuka bahari kwenda kupigania uhuru wa nchi yenye watumwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1791, watumwa wa Saint-Domingue waliinuka wenyewe. Napoléon, mtawala wa Ufaransa, alipomtuma Jenerali Leclerc na jeshi kubwa kuwarudisha chini, jeshi lile liliangamizwa na wapiganaji weusi na homa ya manjano. Leclerc mwenyewe akafa Novemba 1802. Toussaint Louverture, kiongozi wa wapiganaji hao weusi, alikamatwa kwa hila, akafia gerezani kwenye baridi ya milima ya Ufaransa mwezi Aprili 1803. Mwezi huohuo Napoléon, aliyekuwa amepoteza kisiwa kilichokuwa kiini cha ndoto yake ya Amerika, aliiuza Louisiana kwa dola milioni 15. Kwa saini moja eneo la Marekani likawa karibu mara mbili.

Wanahistoria husimulia biashara ile kama ukarimu wa Napoléon au werevu wa Jefferson. Mimi nasema bei yake ililipwa Haiti. Na Haiti ililipwa nini? Mwaka 1825 Ufaransa iliidai fidia ya faranga milioni 150 kwa kosa la kujikomboa, na Marekani haikuitambua Haiti mpaka 1862. Mafahali wawili wanaweza kugombana juu ya kila jambo, lakini juu ya nyasi hii walielewana vizuri sana. Inaniuma, na ningekuwa mnafiki nikiwahadithia urafiki wao bila kuitaja.

Karne ya 19 iliyobaki nitaipitia haraka. Lafayette, Mfaransa aliyekwenda Marekani na miaka 19 kupigania uhuru wake na kujeruhiwa vitani Brandywine, alirudi kama mgeni wa taifa mwaka 1824, akazunguka majimbo yote 24 akishangiliwa. Muongo mmoja baadaye Rais Jackson na Ufaransa nusura wapigane kwa sababu ya faranga milioni 25 za fidia ya meli. Kisha Wamarekani walipokuwa wanauana wao kwa wao, Napoléon wa Tatu alipeleka jeshi Mexico na kumweka mfalme wake pale, mpaka vita ya Marekani ilipokwisha na Washington ikaanza kumtazama kwa jicho kali. Na mwaka 1886 ikazinduliwa ile Sanamu ya Uhuru iliyofika New York vipande 350 ndani ya makasha 214. Bartholdi, aliyeichonga, alikuwa amewahi kumpelekea mtawala wa Misri wazo la sanamu ya mwanamke aliyeshika taa kwenye lango la mfereji wa Suez. Misri ilikataa. Fedha za kuichonga zilichangwa na wananchi wa Ufaransa, na fedha za msingi inaposimama zilichangwa na Wamarekani, wengi wao kwa chini ya dola moja. Ukitazama miguuni pake utaona minyororo iliyokatika, na watu wengi hawaitazami miguuni.

Turudi kwenye makaburi. Katika mtaa mmoja wa Paris kuna uwanja mdogo wa makaburi unaoitwa Picpus. Kwenye mashimo ya hapo walitupwa watu 1,306 waliokatwa vichwa ndani ya wiki sita za mwaka 1794, wakiwemo bibi, mama na dada wa Adrienne, mke wa Lafayette. Adrienne mwenyewe alikuwa gerezani wakati huo. Mke wa balozi wa Marekani, Elizabeth Monroe, alipanda gari la farasi mchana kweupe akaenda kumtembelea, ili kila mtu aone kwamba mama huyu ana ndugu ng'ambo. Adrienne aliachiliwa. Ndiyo maana yeye na mumewe wamelala Picpus, karibu na wale waliouawa. Na Lafayette alipozikwa mwaka 1834, mwanawe, aliyeitwa Georges Washington, alimmwagia udongo ambao mzee alikuwa ameuchukua Bunker Hill, Boston, mwaka 1825. Mfaransa akalala Paris chini ya udongo wa Marekani.

Basi tarehe 4 Julai 1917, askari wa kwanza wa Marekani walipoingia Paris katika vita vya kwanza vya dunia, walikwenda wapi? Picpus. Na kanali mmoja, Stanton, akasema mbele ya kaburi la Lafayette: "Lafayette, tumefika." Maneno mawili, na kila Mfaransa alielewa kwamba deni la Yorktown limekuja kulipwa.

Walikuja na mzigo wao pia. Kikosi cha 369, cha askari weusi wa Harlem, mtaa wa New York, makamanda wa Marekani hawakutaka kukipanga pamoja na weupe, wakawakabidhi Wafaransa. Askari wale walivaa helmeti za Kifaransa, wakashika bunduki za Kifaransa, wakakaa mstari wa mbele siku 191. Usiku mmoja wa Mei 1918, katika msitu wa Argonne, Henry Johnson, mchukuzi wa mizigo wa stesheni ya reli huko Albany, alivamiwa na Wajerumani akiwa lindoni na mwenzake. Bunduki ikakwama, akaigeuza rungu. Ikavunjika, akatoa kisu. Alipata majeraha 21 na hakumwachia mwenzake achukuliwe mateka. Ufaransa ilimvisha nishani ya vita. Nchi yake haikumpa kitu, akafa mwaka 1929, na nishani ya juu kabisa ya Marekani ikamfikia mwaka 2015. Mwezi Agosti 1918, kwa kuwaridhisha Wamarekani, ofisa mmoja Mfaransa aliwaandikia maofisa wenzake waraka wa siri: msile nao, msiwasifu mno. Na ili nisiwadanganye, Ufaransa hiyohiyo iliyowavisha nishani weusi wa Harlem ilikuwa inawakusanya vijana wa Senegali kwa nguvu kwenda kufia kwenye mahandaki yaleyale.

Vita vikaisha, deni likarudi kwa sura ya kweli, ya tarakimu. Marekani ilidai mikopo yake ya vita. Wafaransa walisema tumelipa kwa damu, vijana wetu zaidi ya milioni moja wamekufa. Desemba 1932 wakaacha kulipa.

Mwaka 1944, Wamarekani na wenzao waliposhuka pwani ya Normandy kuikomboa Ufaransa kutoka kwa Wajerumani, ndio jambo ambalo kila mmoja wenu ameliona kwenye filamu, kwa hiyo nitasema tu yale ambayo filamu huyaacha. Novemba 1942, kabla ya Normandy, Wamarekani waliposhuka Morocco na Algeria, waliowapiga risasi ufukweni Casablanca walikuwa Wafaransa, askari wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani. Rais Roosevelt hakumwamini hata kidogo de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri. Wamarekani walichapisha faranga zao za kutumia Ufaransa, na de Gaulle akaziita fedha za bandia. Raia wapatao 20,000 wa Normandy walikufa katika ukombozi ule, wengi kwa mabomu ya waliokuja kuwakomboa. Na waliokomboka walitoka nje na maua. Yote mawili ni kweli, na mwanafunzi wangu akiniandikia moja tu nampunguzia maksi.

Mwezi Machi 1966 de Gaulle alimwandikia Rais Johnson kwamba Ufaransa inatoka kwenye kamandi ya kijeshi ya NATO, muungano wa kujihami wa nchi za Magharibi, na askari wote wa Marekani waondoke. Kwa masimulizi ya waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Dean Rusk, mwenyewe, Johnson alimwagiza aulize swali moja: je, agizo hilo linawahusu pia Wamarekani waliozikwa kwenye ardhi ya Ufaransa? De Gaulle alisimama, akaondoka bila kujibu. Nimelifikiria swali hilo mara nyingi. Ni neno la kikatili, la mtani, kwa sababu linagusa maziko. Lakini de Gaulle naye hakuwa mtovu wa shukrani. Alikuwa anasema kwamba deni lisigeuke kuwa kamba ya kumfungia mtu. Nakubaliana naye, ingawa najua wengi humu hamtakubali.

Yaliyofuata mmeyaona wenyewe au wazazi wenu wameyaona. Septemba 2001 gazeti la Kifaransa la Le Monde liliandika kwamba sisi sote ni Wamarekani. Februari 2003, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, de Villepin, alisimama kwenye Baraza la Usalama kupinga vita ya Iraki, na ukumbi ambao kwa desturi haupigi makofi ukampigia. Kwenye mgahawa wa bunge la Marekani chipsi, ambazo kwao huitwa za Kifaransa, zikabadilishwa jina zikawa chipsi za uhuru, huku askari wa Kifaransa wakiwa bado wanapigana Afghanistan upande wa Marekani. Karibu 90 walifia kule. Na Septemba 2021, Australia ilipovunja mkataba wa nyambizi na Ufaransa kwa sababu ya makubaliano mapya na Marekani na Uingereza, Paris ilimwita nyumbani balozi wake wa Washington, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1778. Siku zilezile ubalozi wa Ufaransa ukafuta sherehe uliyokuwa umeiandaa. Ilikuwa sherehe ya miaka 240 ya ushindi wa de Grasse pale Chesapeake.

Swali lenu ni kama ni marafiki au maadui. Juu ya ufukwe wa Omaha, huko Colleville-sur-Mer, Normandy, kuna makaburi zaidi ya 9,300 ya Wamarekani, kwenye ardhi ambayo Ufaransa imeitoa itumike milele bila malipo. Misalaba ni ya marumaru nyeupe, na majina yamechongwa bila rangi, kiasi kwamba ukisimama mbali kidogo huyasomi. Ndugu wa marehemu anapofika, mtunza makaburi huja na ndoo ya mchanga wenye unyevu uliochotwa ufukweni chini pale. Anaupaka kwenye herufi kwa mkono, anafuta uliozidi, na jina linajitokeza lote kwa rangi ya mchanga wa Ufaransa.